Mgonjwa wa Shangazi Elisabeth

Alunguli, Kindu, tarehe 11 Februari 2024

Kwa mwanangu Princesse,

Jambo mama yangu, jambo sana. Mimi shangazi yako Elisabeth nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni kwangu, mvua imekatika sasa hivi na uani kote ni matope. Sisi huku tuko. Baba yako Thaddée anakohoa kidogo na anakataa kwamba anakohoa. Mama yako Adèle amepanda bamia nyuma ya nyumba, zimetoka nyingi hata majirani wameanza kutukwepa. Wote wazima, wanakusalimu, na wanauliza kama huko Kisangani unakula.

Najua utauliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani. Kosa ni la wale madaktari wageni walioniwekea mashine ya moyo Kinshasa, mwaka juzi. Walisema simu isikae karibu na kifua. Mimi nikaona heri isikae karibu nami kabisa, nikampa mama yako. Tangu siku hiyo anaongea nayo kutwa nzima, na mimi napata usingizi wa mchana. Barua hii anakuletea Soudi, yule anayeuza mchele. Mashua yake ya injini inashuka mpaka Ubundu, na kutoka pale atapanda pikipiki hadi kwako. Usimwache aondoke bila maji ya kunywa.

Habari za maternite, nyumba yetu ya kuzalishia: nimeacha kazi. Pembe yangu ya mti, ile ya kusikilizia mioyo ya watoto walio tumboni, nimempa Claudine, yule mkunga niliyemfundisha. Alitaka kuikataa. Nikamwambia miaka thelathini na minane inatosha kwa sikio moja, na yeye bado kijana, masikio yake hayajajaa vilio. Ameichukua. Hilo tusirudie tena.

Sasa neno lenyewe. Nina mgonjwa mmoja hapa Alunguli, mwanamke mtu mzima, jina lake sitakutajia. Naye ana mashine ya moyo, pile kama tunavyoiita hapa, yaani betri. Alipowekewa aliambiwa kwamba mashine haitakubali moyo wake ushuke chini ya mapigo sitini kwa dakika, hata akilala fofofo. Lakini tangu Noeli anasikia moyo unaruka kifuani, pigo linakuja ambalo hakuna aliyeliita, halafu kimya, halafu kishindo. Amejipima mkononi asubuhi na jioni, vidole vitatu juu ya mshipa kama inavyotakiwa. Anapata arobaini na nne. Siku nyingine arobaini na mbili. Kwa hiyo mgonjwa huyo anaona wazi kwamba pile yake inakwisha.

Wewe uko shuleni na walimu wakubwa. Waulize: pile ikianza kushindwa namna hiyo, mtu anabaki na miezi mingapi? Uliza kwa ustaarabu, kama swali la mtihani. Na usimwambie mama yako habari za mgonjwa huyu. Ukimwambia Adèle umeitangazia Alunguli yote.

Soma vizuri, vaa viatu, usikae na watu wanaocheka kila kitu.

Shangazi yako,
Elisabeth


Kisangani, tarehe 9 Machi 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Jambo kwa heshima zote. Barua yako imetumia siku kumi na tisa njiani, na Soudi aliitoa ndani ya mfuko wa chumvi, kwa hiyo ni barua iliyohifadhiwa vizuri kuliko samaki. Alikunywa maji, akala na wali wangu wote. Mimi ni mzima. Mwaka wa mwisho ni mgumu, asubuhi tuko wodi ya uzazi, mchana darasani, na mitihani yenyewe ni Julai. Mwambie baba namsikia akikohoa mpaka huku.

Wiki iliyopita mwalimu alituuliza kila mmoja aseme nani alimfanya achague kazi ya ukunga. Wenzangu walitaja masista na madaktari. Mimi nilisema ni shangazi yangu, aliyezalisha nusu ya Alunguli, na nusu nyingine aliwafokea mpaka wakazaa wenyewe. Walicheka. Lakini nilipowaeleza kidogo habari za vita, mwalimu akaniomba niendelee. Nilijivunia wewe, shangazi, mpaka macho yakaniuma.

Kuhusu mgonjwa wako: nampenda tayari. Ila nina maswali. Anapata kizunguzungu? Ameshawahi kuzimia tangu awekewe mashine? Miguu inavimba? Akipanda kutoka mtoni anasimama mara ngapi? Anakunywa kahawa? Na nyumba yake iko wapi hasa, maana kwa ninavyojua mimi Alunguli nzima ina mashine ya moyo moja tu.

Mama aliniambia kwa simu kwamba tangu Januari unakaa kitini, huendi sokoni, hata maji unachotewa. Sisemi kitu. Nimesikia tu.

Swali la miezi mingapi sijaliuliza, na sitaliuliza hivyo. Daktari Kambale, anayetufundisha magonjwa ya moyo, amekwenda kwao Butembo kwenye msiba. Akirudi nitamweleza kila kitu. Huyo mgonjwa asikate tamaa kabla ya hapo, na asihukumu peke yake.

Nakukumbatia,
Princesse


Alunguli, Kindu, tarehe 2 Aprili 2024

Kwa mwanangu Princesse,

Jambo mama. Huku tunamshukuru Mungu. Baba yako amepona kikohozi ambacho hakuwa nacho. Claudine alizalisha mapacha juma lililopita, peke yake, na baadaye alikuja hapa kunieleza kwa furaha. Nilimwambia amefanya vizuri. Alipoondoka nilikaa sana nikiangalia mlango.

Majibu ya maswali yako. Mgonjwa hana kizunguzungu. Hajazimia. Miguu yake ni ile ile, si mizuri lakini haikuvimba. Kupanda kutoka mtoni hapandi tena, kwa sababu anatunza pile. Anaona kila pigo la ziada linakula nguvu ya mashine, kama tochi inayowashwa mchana, basi anakaa kimya ili ile iliyobaki ifike mbali. Kahawa anakunywa, na kwa hilo hapokei ushauri. Nyumba yake haikuhusu.

Sasa hiyo habari ya vita. Kama utanisifu mbele za watu, sifu kwa ukweli. Nakuandikia mwenyewe, uwe nayo kwa maandishi, maana mama yako huongeza mambo.

Mwaka ule wa 2002 Kindu ilizingirwa. Mto ulifungwa, ng'ambo ile upande mmoja wa wapiganaji, ng'ambo hii upande mwingine, na anayevuka anapigwa risasi. Baba yako alikuwa amebaki kule kwenye kazi ya reli. Sisi tulikuwa huku, mama yako mimba ya miezi sita, mashamba hatuendi, chumvi hakuna. Maternite ilikuwa na kitanda kimoja, kisu kimoja cha kuchemsha, na mimi. Saa yangu ya mkono ilikufa pile mwezi wa tisa na mpya haikupatikana. Nikajifunza kupima dakika kwa Salamu Maria. Sita, nikizisali bila haraka, ni dakika moja. Nilikuwa nasali kwa mdomo na kuhesabu moyo wa mtoto kwa sikio, vyote kwa pamoja, na sikuwahi kuchanganya.

Siku ya uchungu wa mama yako niliweka pembe tumboni nikakusikia. Ulikuwa unakwenda mia moja arobaini, vizuri kabisa, halafu ukaruka. Ukaenda tena, ukaruka. Adèle aliniona uso akaniuliza, "Mutoto iko na nini? Sema kweli." Nikamwambia, "Hakuna kitu. Mutoto wako iko na haraka tu." Ukweli ni kwamba sikujua, Princesse. Nilijua tu kwamba kila baada ya kuruka ulirudi mahali pako, na kwamba mama anayeogopa hasukumi. Ulizaliwa alfajiri, mwekundu, mkali, na siku ya tatu moyo wako ulikuwa umeacha kuruka.

Kabla mto haujafungwa tulipatana na baba yako: nguo moja nyeupe ukingoni ni mvulana, mbili ni msichana. Nilitundika mbili. Walipiga risasi moja hewani nikalala chini, kisha nikainuka nikazinyoosha maana moja ilikuwa imejikunja. Baba yako alikaa ng'ambo siku tatu akizitazama, na miezi mitano bila kukushika.

Basi. Huo ndio ukweli, na ndani yake kuna woga mwingi. Likizo usije huku, kaa ujiandae na mitihani. Mgonjwa anasubiri jibu la daktari wako.

Shangazi yako,
Elisabeth


Kisangani, tarehe 28 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Jambo na salamu nyingi kwa wote. Ile barua yako niliisoma mara nne. Nimeishi miaka ishirini na moja bila kujua kwamba nilianza maisha kwa kuruka, na kwamba wewe ulitabasamu mbele ya mama huku hujui. Sijui mtu mwingine ambaye angenyoosha nguo iliyojikunja baada ya kupigiwa risasi. Ningekuwa nawe sasa ningekushika miguu.

Daktari Kambale amerudi. Nilimweleza habari za mgonjwa wako, arobaini na nne, na kila ulichojibu. Akaniuliza:

"Huyo mama anapimaka wapi?"

"Ku mukono, daktari."

"Nani alimufundisha?"

"Yeye njo anafundishaka wengine. Iko mukunga tangu zamani."

Akacheka, lakini si kwa dharau. Akasema, "Ni hivyo. Muntu asiyejua kupima hangeogopa. Umwambie aache mukono, mukono inamudanganya."

Nakueleza kama alivyonieleza, kwa kalamu na karatasi. Moyo wa mgonjwa wako unapiga pigo moja kamili, lenye damu, na hilo linafika mkononi. Mara hiyo hiyo linakuja pigo la ziada, mapema mno, kabla moyo haujajaa. Kifuani lipo, lakini halina cha kutuma, kwa hiyo mkononi halifiki. Sasa mashine. Kumbe ile mashine kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Ikisikia pigo limekuja lenyewe, hata kama ni la ziada, inaliheshimu: inanyamaza, inahesabu sekunde moja kamili kuanzia pale, na moyo usipopiga ndipo inapiga yenyewe. Halafu la ziada linakuja tena, inangoja tena. Ukipima mkononi unapata arobaini na tatu, arobaini na nne. Kifuani ni mara mbili yake. Mashine haijashindwa hata kidogo, inafanya kile kile ilichoagizwa. Nilimtazama Daktari Kambale akichora nikawaza kwamba kitu kidogo hivyo kina adabu kuliko wengi wetu.

Na mapigo ya ziada hayali pile. Moyo ukipiga wenyewe, mashine inapumzika.

Hakusema kwamba ni jambo la kupuuza. Alisema mapigo ya ziada watu wengi wanayo na wanazeeka nayo, lakini yakiwa mengi muda mrefu yanaweza kuuchosha moyo, kwa hiyo mgonjwa asomewe mashine yake. Wale madaktari wageni watakuwa Kinshasa tena Septemba. Akizimia au kifua kikimbana, asingoje Septemba wala asingoje mtu. Na kahawa apunguze, nasikitika.

Mpaka hapo, kuna kipimo cha kufanya leo. Mtu mwingine aweke sikio kifuani mwa mgonjwa huku mgonjwa ameshika mkono wake mwenyewe, wahesabu pamoja. Kifaa cha mpira cha maternite kinatosha. Hata pembe ya mti inatosha, ila nayo haiwezi kufika sikio la mwenye kifua, lazima awepo wa pili.

Ulimwambia mama yangu kwamba mtoto wake ana haraka tu. Kwa nini neno hilo humpi mgonjwa wako?

Soudi anaondoka kesho, nampa yeye.

Princesse


Alunguli, Kindu, tarehe 9 Juni 2024

Kwa mwanangu Princesse,

Jambo mama. Baba yako na mama yako wazima. Bamia zimekwisha, sasa ni zamu ya maboga.

Wiki tisa zimepita tangu nilipokuandikia na sijapata neno. Nimeelewa. Daktari wako alikuambia ni miezi mingapi, nawe ulishika kalamu ukashindwa. Sikulaumu. Nami nimewahi kutoka kwenye chumba cha mzazi nikapita mlango wa nyuma kwa sababu sikujua nimwambie nini mume wake.

Mgonjwa hana hasira na mtu. Anasema amepewa miaka miwili ambayo hakuiomba, na aliiona mvua yake yote. Moyo unaruka sana sasa, hasa akilala ubavu wa kushoto. Kifua hakigusi. Tangu waweke kile kitu pale chini ya ngozi hajawahi kuweka hata kiganja chake, anaoga kwa kukizunguka. Anashika mkono tu, na mkono unasema arobaini na mbili.

Usije. Mitihani yako ni Julai, na hakuna kitu huku kitakachozidi mitihani hiyo. Ukipata habari yoyote kutoka kwa mama yako kabla hujamaliza, kaa kwenye kiti chako uandike majibu mpaka mstari wa mwisho. Hilo nakuomba mimi.

Barua hii inakuja na Abdallah wa pikipiki, kwa njia ya nchi kavu.

Shangazi yako anayekupenda sana,
Elisabeth


Kisangani, tarehe 24 Juni 2024

Shangazi,

Leo sisalimii kwa urefu. Abdallah amefika asubuhi na bado nina matope ya barua yako vidoleni.

Sikunyamaza. Niliandika tarehe 28 Aprili, kurasa tatu, nikampa Soudi. Hakuna daktari aliyesema miezi. Daktari alisema mashine ni nzima. Sielewi barua ile iko wapi, na nimelia kwa hasira mpaka mwenzangu wa chumba akadhani nimefiwa.

Uliniambia nisimwambie mama, na sikumwambia. Lakini jina la Claudine hukulitaja kwenye katazo lako, nimeangalia barua zote. Nimempigia simu leo mchana. Barua hii ikifika atakuwa ameshakuja kwako. Ukinikasirikia nitapokea, nitakuja mwenyewe kupiga magoti, lakini uwe hai wakati unanikasirikia.

Mitihani inaanza tarehe 8. Nitaandika mpaka mstari wa mwisho, kama ulivyoniomba. Na wewe mpe Claudine kifua chako, kama ninavyokuomba mimi.

Princesse


Alunguli, Kindu, tarehe 14 Julai 2024

Kwa mwanangu Princesse,

Jambo mama yangu. Leo nina mengi, weka sufuria pembeni usije ukaunguza.

Claudine alikuja siku ile ile uliyompigia, jua likielekea kushuka. Nilimwona tangu njiani ameshika pembe yangu kama anayepeleka kuku kwa mgeni, nikajua nimesalitiwa. Nikajifanya napepeta mchele. Akaingia, akafunga mlango, akasema:

"Mama Elisabeth, ulale. Leo njo mimi nitasikiliza."

Nikamwambia, "Mimi niko na mimba?"

"Hapana. Uko na kichwa ngumu. Ulale."

Nilimfundisha mimi mwenyewe kuwasemesha hivyo wanawake wenye uchungu, Princesse. Nikalala. Akauliza aweke wapi, nikashindwa kumwonyesha, maana kidole changu hakikutaka kwenda upande ule. Akaweka mwenyewe, chini ya titi la kushoto, mbali kidogo na ile mashine. Mbao ilikuwa ya baridi. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Nimewawekea wanawake wangapi mbao ile ya baridi bila kuipasha moto mikononi kwanza.

Alikuwa na saa ya baba yako, sijui alimdanganya nini akampa. Mimi nikashika mkono wangu. Alisikiliza, nikaona nyusi zake zimekaza, nami nikasema moyoni, haya, amesikia. Kisha, bila kuinua kichwa, akaanza kugonga ubao wa kitanda kwa kidole kila anaposikia pigo. Akagonga mbili kwa pamoja. Kimya. Mbili. Kimya. Mbili. Na chini ya vidole vyangu mimi nilikuwa napata moja. Yeye mbili, mimi moja. Yeye mbili, mimi moja. Nilimwambia aanze upya, labda amekosea. Akaanza upya. Themanini na nane kwake, arobaini na nne kwangu, dakika nzima kwa saa ya Thaddée.

Nililia kwa sauti, mwanangu. Claudine aliogopa akataka kuita watu, nikamkamata nguo. Nikachukua kiganja changu nikakiweka pale kwenye mashine, kwa mara ya kwanza tangu Kinshasa. Kile kitu ni kidogo, kina joto kama mimi. Miezi sita nilikuwa nakituhumu, nacho kilikuwa kimekaa kinangoja zamu yake.

Basi nakuandikia kwa jina langu. Mgonjwa ni mimi. Ulijua tangu Machi, najua ulijua, na uliniacha nijifiche kwa sababu una heshima. Sikuogopa kufa sana. Niliogopa kufa katikati ya kazi, sikio langu likiwa tumboni kwa mtu, nimwache mzazi na mtoto wake peke yao. Ndiyo maana niliitoa pembe. Na niliogopa wewe uache mitihani. Mengine yote ni maneno niliyoyaongeza juu.

Barua yako ya Aprili ilifika siku nne baada ya Claudine. Mto umepungua, mashua ya Soudi ilikwama mchangani ikisubiri kuvutwa, na yeye alikuwa ameiweka barua kwenye debe lililofungwa humo mashuani, akaenda Kibombo kwa mchele, akasahau. Amekuja kuomba radhi na kuku. Nilipoisoma ile habari ya mashine yenye adabu niliita baba yako na mama yako nikawasomea, kwa hiyo siri imekwisha na Alunguli yote inajua. Wanawake wanapita hapa kuniuliza hali ya pile. Nimewaambia inawasalimu.

Hivi sasa uko kwenye mitihani. Niliyekufundisha kuhesabu ni mimi, lakini hili la kuhesabu mahali pawili kwa mara moja umenifundisha wewe, na sioni aibu kusema nimekuvulia kilemba. Naamini utafaulu. Kahawa nimepunguza kikombe kimoja.

Shangazi yako,
Elisabeth


Alunguli, Kindu, tarehe 6 Oktoba 2024

Kwa mwanangu, mkunga Princesse,

Jambo mama, na pongezi tena. Mama yako aliposikia umefaulu alipiga vigelegele mpaka watu wakaja na viti wakidhani ni harusi. Baba yako alikwenda kusimama ukingoni akitazama ng'ambo. Tulimwacha.

Nimerudi kutoka Kinshasa juma lililopita. Safari ya ndege sikuipenda, lakini sikuionyesha. Waliweka kitu kama sahani juu ya kifua changu, mashine ikawaeleza kila kitu ilichofanya tangu siku waliponiwekea. Daktari alisoma akasema pile bado ina miaka minane mbele. Nilimwomba aseme tena, si kwamba sikusikia. Mapigo ya ziada ameyaona yote, ni mengi, amenipa dawa ya asubuhi, na nirudi mwakani aone kama moyo unachoka. Nikamwuliza yataisha lini. Akasema yatapungua, lakini kuisha asiniahidi. Nilimpenda kwa hilo.

Basi tunaishi pamoja. Yakija nikiwa napika, nasimama kidogo, yanapita, naendelea. Yakija nikiwa nimelala, nageukia kulia. Siku nyingine yananitia woga, na siku hizo nakwenda kwa Claudine anagonga meza, narudi nyumbani.

Jumanne usiku waliniita maternite. Mwanamke wa Kailo, mimba yake ya kwanza, uchungu siku mbili, na Claudine amechoka kusimama. Alinipa pembe. Nikaipasha moto mikononi, nikaweka tumboni, nikainama. Moyo wa mtoto ulikuwa mbali, nikautafuta, nikaupata. Nikaanza kuhesabu kwa Salamu Maria, maana saa siiamini sana. Kwenye ya pili moyo wangu ukaruka. Nilisikia pigo likija bila kuitwa, halafu lile shimo, halafu kishindo. Kwenye ya nne ukaruka tena, mara mbili mfululizo. Claudine alikuwa ananitazama. Mwanamke alikuwa ananitazama. Mimi nilibaki pale pale, sikio kwenye mti, mpaka nikamaliza ya sita.

Mia moja thelathini na sita. Sikupoteza hesabu.

Shangazi yako,
Elisabeth